Siku ID zilipotuishia na jedwali halijajaa hata robo

Naandika hii mapema kabla haijaanza kunona, maana visa vya hitilafu za usiku vina tabia ya kunenepa kila vikisimuliwa, na mwisho wa siku msimuliaji anageuka shujaa. Mi sikuwa shujaa. Mi ndo niliyeitengeneza ile kolamu ya ID, yaani ya namba za rekodi, iliyotuangusha, karibu miaka mitatu nyuma, kwa vidole hivihivi.

Iko hivi. Saa nane na robo usiku simu ikaanza kupiga kelele, zamu ilikuwa yangu, nafungua kompyuta jicho moja bado limefumba, naangalia grafu, zote kijani. Diski ina nafasi zaidi ya nusu, memori iko poa, prosesa ndo kabisa imeshuka, yaani seva ilikuwa imepumzika kuliko siku zote. Watu wanaingia kwenye apu vizuri, wanasoma vitu vyao vya zamani vizuri, ila hamna kipya kinachoingia, hata kimoja. Dakika ishirini nzima nilikuwa nakimbizana na mtandao, nikazima na kuwasha vitu viwili vitatu ambavyo havikuwa na kosa lolote (samahani kwao), mpaka nilipofungua logi ya databesi yenyewe nikakuta mstari mmoja umejirudia maelfu kwa maelfu:

ERROR: integer out of range

Nikamwamsha mwenzangu.

"Kaka, umelala?"
"Nilikuwa."
"Jedwali la matukio lina rekodi ngapi?"
"Milioni mia tatu na kitu, kwani vipi?"
"Linasema namba zimeisha."

Kimya. Halafu: "Acha utani. Milioni mia tatu na bilioni mbili wapi na wapi?"

Alikuwa na haki ya kushangaa, na hilo swali lake ndo sababu ya mi kuandika hii posti, kwa hiyo ngoja nirudi nyuma kidogo kwa wale ambao hii namba bado haijawahi kuwaamsha.

Kila rekodi kwenye jedwali huwa inapewa namba yake, ndo hiyo ID, 1, 2, 3, na kuendelea, databesi yenyewe inagawa, wewe hujishughulishi. Hiyo namba lazima ikae kwenye kolamu na kolamu ina ukubwa. Ukiandika INTEGER kwenye PostgreSQL (programu ya databesi tunayotumia sisi) au INT kwenye MySQL (nyingine ya aina hiyo) unapata baiti nne, yaani biti 32, moja inatumika kusema kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31, na namba kubwa kabisa inayoenea humo ni 2,147,483,647. Ukiongeza moja hapo haina pa kukaa, basi. Ndo namba hiyohiyo itakayosumbua saa za kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde kuanzia mwaka 1970, zenyewe zinafika ukingoni tarehe 19 Januari 2038.

Ukiisoma kwa haraka unaona bilioni mbili ni nyingi mno, nani atazimaliza. Nami niliona hivyo. Sasa piga hesabu: jedwali linaloingiza rekodi 10 kwa sekunde linazimaliza kwa miaka kama 6 na miezi tisa hivi, kwa 100 kwa sekunde ni siku 248, kwa 1000 kwa sekunde hufikishi hata siku 25. Sisi hatukuwa na kasi hiyo hata kidogo. Rekodi zetu za kweli zilikuwa milioni 310, ambayo ni kama sehemu moja ya saba ya hizo bilioni mbili. Sita nyingine zilienda wapi?

Zilichanwa.

Fikiria kitabu cha risiti chenye namba zilizochapwa tayari. Umeandika risiti namba 48, mteja akaghairi, umeichana umeitupa. Risiti inayofuata ni 49, 48 hairudi tena duniani. Databesi inafanya hivyohivyo na inafanya makusudi. Ukiomba namba, unapewa, halafu transaksheni yako (lile fungu la kazi linalofanyika lote au lisifanyike kabisa) ikifeli na kurudishwa nyuma, kila kitu kinarudi isipokuwa ile namba. Na kuna sababu ya maana: kama namba zingekuwa zinarudishwa, ingebidi kila anayetaka kuingiza rekodi amsubiri aliye mbele yake amalize kwanza ndo ijulikane namba yake imetumika au la, foleni ya moja moja, seva yenye watu elfu ingekufa. Kwa hiyo namba inatolewa haraka bila masharti na ikipotea imepotea. Mimi hilo nilikuwa nalijua kwa ajili ya transaksheni zinazofeli, nikawa naliona ni jambo dogo, transaksheni ngapi zinafeli kwani?

Ambacho sikuwa nimekiweka akilini ni ON CONFLICT DO NOTHING. Tulikuwa na kazi inayojiendesha kila dakika, inaleta matukio kama 1,500 kutoka mfumo mwingine na kuyasukuma yote kwenye jedwali, na kwa kuwa mengi yalikuwa yameshaingia tangu dakika zilizopita tuliiambia databesi tu "likiwepo achana nalo". Msimbo msafi, mfupi, nilijisifia nao kabisa. Shida ni kwamba PostgreSQL inachukua namba kwanza, halafu ndo inagundua kuwa tukio lipo, inaliacha, na namba imeshachukuliwa. Matukio 1,500 mara dakika 1,440 za siku ni milioni 2 na laki moja na sitini elfu kwa siku, yawe mapya yasiwe mapya. Gawanya bilioni 2.147 kwa hiyo unapata siku 994. Niliipiga hiyo hesabu saa tisa usiku nikaangalia tarehe jedwali lilipotengenezwa, nikafunga macho.

Watumiaji wa MySQL msicheke, INSERT IGNORE na ON DUPLICATE KEY UPDATE zinachana risiti vilevile.

Kwa hiyo ile ID ya mwisho kwenye jedwali lako haikwambii una rekodi ngapi. Inakwambia umejaribu mara ngapi. Sisi tulikuwa na grafu nzuri tu ya idadi ya rekodi, iko ukutani kabisa, na ilikuwa inatudanganya kwa ukweli mtupu.

Kuna kingine cha kuchekesha kidogo. Sikwensi yenyewe, yaani ile mashine ya kugawa namba, niliitengeneza kwa mkono, na ukisema CREATE SEQUENCE bila maelezo zaidi PostgreSQL inakupa ya biti 64. Kolamu ni ya 32. Kwa hiyo mashine haikuona tatizo lolote, ilikuwa inatoa 2,147,483,648, kolamu inakataa, inatoa 2,147,483,649, kolamu inakataa, na programu zetu kwa kuwa tumezifundisha adabu ya kujaribu tena zikifeli, zikawa zinajaribu tena na tena, kila jaribio linakula namba nyingine. Nilipoifungua ilikuwa imeshapita mpaka kwa laki kadhaa, inaenda tu kama gari lisilo na dereva. Angalau kama ningetumia SERIAL ya kawaida (aina ya kolamu inayojitengenezea sikwensi yake) kwenye matoleo ya kuanzia 10, sikwensi yenyewe ingesema imefika mwisho na ujumbe ungekuwa na jina lake ndani, ningeokoa zile dakika ishirini.

Kila databesi ina namna yake ya kufa hapa. MySQL inang'ang'ania namba ya mwisho ileile, inajaribu kuiingiza tena, na unapata kosa linalosema namba 2147483647 imejirudia, kwa hiyo mtu anaanza kutafuta nani anaingiza vitu mara mbili, anapotea njia saa nzima. SQL Server inalalamika kuhusu hesabu kufurika. Ninayoipenda ni SQLite, yenyewe namba zake ni za biti 64 na ukifika mwisho kabisa haikati tamaa, inaanza kubahatisha namba ovyo ovyo mpaka ikute isiyotumika, ila kama uliweka AUTOINCREMENT hiyo inakataa na kukwambia pamejaa. Sijawahi kukutana na mtu aliyefika huko kihalali.

Haya, turudi usiku. Njia halali ya kutibu ni kubadili kolamu iwe BIGINT, baiti nane, na amri yake ni mstari mmoja. Mwenzangu akasema tuiendeshe. Bahati nzuri tulikuwa na nakala ya bakapu kwenye seva ya majaribio ya wiki iliyopita, tukaijaribu kule kwanza, tukaanza kusubiri. Kubadili INTEGER kuwa BIGINT kwenye PostgreSQL kunaandika upya jedwali zima na faharasa zake zote (zile orodha za kutafutia rekodi haraka), na muda wote huo jedwali limefungwa, hakuna kuandika, hakuna hata kusoma, halafu diski inatakiwa iwe na nafasi ya kubeba nakala ya pili. Dakika arobaini baadaye bado inasaga. (Tuliiacha iendelee, ilimaliza baada ya saa tano na nusu.) Wakati ule watu angalau walikuwa wanasoma vitu vyao. Kuwafungia kila kitu mpaka asubuhi ili tupate namba, hapana.

Ndo mwenzangu akaleta ujanja wa hasi. Ile biti moja ya alama, si tunaimiliki? Upande wa pili wa sifuri kuna namba bilioni mbili na ushee hazijaguswa. Unaiambia sikwensi ianze upya kutoka -2147483648 ipande kuelekea sifuri. Amri moja, sekunde moja, hakuna kuandika upya chochote.

"Una uhakika?"
"Sina. Ila ni integer halali."

Tukaendesha. Rekodi ya kwanza ikaingia na ID yake yenye alama ya kutoa mbele, ikafuata ya pili, logi ikatulia, tukaangaliana kwa kamera kama watu waliofaulu mtihani bila kusoma. Saa kumi na moja kasoro nikarudi kulala.

Saa mbili asubuhi wakaanza kuandika watu wa huduma kwa wateja: wateja hawaoni matukio mapya. Mi nikasema haiwezekani, yapo, nayaona. Yalikuwepo kweli, ila chini kabisa ya orodha. Skrini ilikuwa inapanga kwa ID kutoka kubwa kwenda ndogo, kwa sababu nani anahangaika na tarehe wakati ID inapanda yenyewe? Sasa tukio la leo lina ID ya hasi bilioni mbili, limewekwa nyuma ya tukio la kwanza kabisa katika historia ya kampuni. Tukabadilisha ipange kwa muda wa kuingia. Kisha ikaja ya apu ya simu: simu inakumbuka ID ya mwisho iliyoiona na kuuliza seva "nipe zote kubwa kuliko hii", na hakuna iliyo kubwa kuliko hiyo, wala haitakuwepo, kwa hiyo apu ikakaa kimya kwa heshima kabisa bila kulalamika. Kisha viungo vya kurasa, maana kuna mtu alishaandika sheria kwamba ID kwenye anwani ni tarakimu tu, na alama ya kutoa sio tarakimu, ukurasa haupatikani. Kisha sehemu tatu kwenye msimbo zenye "kama ID ni kubwa kuliko sifuri", moja ina maoni pembeni yaliyoandikwa na mimi: "haiwezi kuwa hasi".

Bado nasema ujanja wa hasi ni mzuri. Ulitupa siku kumi na mbili za kufanya kazi ya kweli kwa utulivu, na ningeutumia tena kesho. Ila ujue unanunua muda kwa mkopo, na riba inadaiwa kesho yake asubuhi.

Kazi ya kweli sasa. Hii naieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndo sehemu ambayo nilipotafuta msaada nilikuta watu wanasema "kisha hamisha data" kama vile wanasema kisha kunywa maji.

Unaongeza kolamu mpya ya BIGINT pembeni, tupu, hiyo ni papo hapo. Unaweka triga (amri inayojiendesha yenyewe jedwali likiguswa) ili kila rekodi inayoingia au kubadilishwa inakili ID yake kwenye kolamu mpya. Halafu unaanza kujaza za zamani kwa mafungu, sisi tulichukua 10,000 kwa mara moja na kupumzika sekunde moja kati ya fungu na fungu, kwa milioni 310 hayo ni mafungu elfu thelathini na moja, ilichukua siku mbili na nusu. Usiwe na haraka hapo. Siku ya kwanza nilitoa ile sekunde ya mapumziko nikaona naokoa muda, seva za nakala zikaanza kuachwa nyuma dakika tano, dakika kumi, nikairudisha kimyakimya. Ukishajaza unajenga faharasa ya kipekee juu ya kolamu mpya kwa CONCURRENTLY ili isifunge jedwali, na unaweka sharti kwamba kolamu haiwi tupu, kwanza kwa NOT VALID (yaani bila kukagua rekodi za zamani) halafu unalithibitisha baadaye, kwa sababu uthibitisho wa namna hiyo hauzuii watu kuandika.

Baada ya hapo ndo dakika ya kubadilishana: transaksheni moja, ondoa ufunguo mkuu wa zamani (alama kwamba kolamu hii ndo inatambulisha kila rekodi), badilisha majina ya kolamu, weka ufunguo mpya kwa kutumia ile faharasa iliyokwisha jengwa. Milisekunde. Kwa nadharia. Jaribio letu la kwanza lilikuta kuna ripoti ya mtu inasoma lile jedwali tangu nusu saa iliyopita, amri yetu ikabidi isubiri ripoti imalize, na kumbe amri inayosubiri kufuli zima inawazuia wote wanaokuja nyuma yake, hata wanaotaka kusoma tu. Sekunde arobaini mfumo mzima ulisimama kama foleni ya watu nyuma ya mtu mmoja anayetafuta funguo mfukoni. Tukaikatisha, tukaweka lock_timeout ya sekunde mbili, yaani ukikosa kufuli kwa sekunde mbili achia ujaribu tena baadaye. Jaribio la tatu likapita.

Na kuna shimo moja hapo ambalo tulilikwepa kwa bahati, sio kwa akili. Sikwensi ilikuwa imefungwa na kolamu ya zamani, inamilikiwa nayo. Ukiifuta kolamu ya zamani, sikwensi inafutwa nayo, na kolamu mpya inabaki haina wa kuigawia namba. Mwenzangu alikuwa anasoma hati yangu ya amri kwa sauti, akafika mstari wa kufuta akauliza, "Hivi sikwensi ni ya nani?" Ikabidi tuihamishie umiliki kwanza. Ningeifuta.

Namba mpya tukazianzisha kwenye 2,200,000,000, ya duara, ili macho ya mtu yeyote yaone hii ni ya baada ya tukio.

Kesho yake ripoti za asubuhi hazikutoka.

Kulikuwa na databesi nyingine kabisa, ya ripoti, yenye jedwali linalohifadhi ID ya tukio kwenye kolamu yake, INTEGER, na hakuna uhusiano wowote rasmi kati yake na jedwali letu kwa hiyo hakuna chombo ambacho kingetuonyesha. Tulikuwa tumekagua funguo geni zote (kolamu zilizounganishwa rasmi na jedwali letu), zote. Hii haikuwa ufunguo geni, ilikuwa ni namba tu ambayo mtu fulani aliinakili siku moja. Namba za hasi ilizipokea vizuri kwa siku kumi na mbili kwa sababu zinaenea, ila ilipokuja ya kwanza ya bilioni 2.2 ikagoma. Yaani ujanja wetu ndo ulioificha.

Nilijisikia vibaya mpaka nilipokumbuka kisa cha Slashdot, ile tovuti ya habari za teknolojia. Novemba 2006 walivuka maoni 16,777,216, ambayo ndo ukubwa wa namba ya biti 24, ile MySQL inaiita MEDIUMINT. Jedwali la maoni lenyewe walishalipanua miaka kama mitano kabla, wakasahau tu kolamu inayosema "oni hili linajibu lipi". Watu wakaendelea kuandika ila mtiririko wa nani anamjibu nani ukavurugika, ikabidi wauzime siku hiyo, maana kubadili kolamu kungechukua zaidi ya saa tatu na muda huo hakuna mtu angeweza kuandika kitu. Twitter nao, Juni 2009 ID za twiti zilivuka bilioni 2.147, wao walikuwa wamejiandaa, walioanguka ni apu za watu wengine zilizokuwa zinaweka ID kwenye namba ya biti 32. Namba ni yako ila imelala kwenye nyumba za watu usiowajua.

Basecamp, programu ya kusimamia miradi, walisimama karibu saa tano tarehe 8 Novemba 2018, kusoma tu bila kuandika, sababu ni hiihii, namba ni hiihii. Na hao ndo nyumba iliyozaa Ruby on Rails, zana ya kujengea programu za wavuti, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imeshabadilisha mpangilio wake wa kawaida kuwa BIGINT kuanzia toleo 5.1. Majedwali mapya yakapona, la zamani likabaki lilivyo.

Sasa mtu anauliza, na BIGINT nayo si itaisha? Hesabu: nafasi ni 9,223,372,036,854,775,807. Ukiingiza rekodi milioni moja kila sekunde bila kulala, unafika baada ya miaka kama 292,000. Chana risiti utakavyo.

Basi kwa nini sikuiweka tangu mwanzo? Kubana nafasi. Baiti nne kwa kila rekodi, mara milioni kadhaa, nilikuwa nimesoma mahali kwamba ndo ustadi. Baada ya haya yote nikaenda kuangalia mpangilio wa jedwali letu na kukuta kolamu inayofuata baada ya ID ni ya tarehe na saa, na hiyo kwenye PostgreSQL lazima ianze kwenye nafasi inayogawanyika kwa nane. Maana yake baada ya ID yangu ya baiti nne databesi ilikuwa inaweka baiti nne tupu za kujaza pengo, kila rekodi, rekodi zote milioni 310. Sikuokoa chochote kwenye jedwali. Faharasa ya ufunguo ndo ningesema labda, nayo kila kiingizo chake kinapangwa kwa nane vilevile. Hapo ndo nilipocheka peke yangu, cheko la mtu mwenye hasira.

UUID je? Najua kuna watakaoniambia kwa nini uhesabu kabisa, tumia namba ya biti 128 inayotungwa kwa bahati nasibu mambo yaishe. Sawa, namba haziishi, na mashine nyingi zinaweza kugawa bila kuulizana. Ila zile za bahati nasibu tupu zinatawanyika kwenye faharasa yote, kila kuingiza ni ukurasa mwingine, jedwali likiwa kubwa unalisikia. Toleo la 7 linaloanza na muda, lililowekwa rasmi kwenye RFC 9562 mwaka 2024, limetibu hilo kwa sehemu kubwa, na PostgreSQL 18 inalo ndani. Ningeanza mfumo mpya leo wenye seva nyingi ningelifikiria. Kwa jedwali la kawaida, BIGINT na uende zako. Na kama unatumia zile ID za mtindo wa Snowflake za Twitter, biti 64 zenye muda ndani, angalia JavaScript, ile lugha ya programu za kwenye kivinjari, yenyewe inahesabu kwa uhakika mpaka 9,007,199,254,740,991 tu, juu ya hapo inaanza kubadili tarakimu za mwisho bila kukuambia, ndo maana walilazimika kutuma ID kama maandishi pia.

Tulichobaki nacho ni kwiri moja (swali kwa databesi) inayojiendesha kila Jumatatu kuangalia namba zimebaki kiasi gani. Kwenye PostgreSQL unasoma pg_sequences, kwenye MySQL kuna sys.schema_auto_increment_columns inayokupa uwiano wa namba zilizotumika kabisa. Tahadhari moja: usilinganishe namba ya mwisho na mpaka wa sikwensi, linganisha na mpaka wa kolamu. Sikwensi yangu ingesema iko asilimia sifuri nukta sifuri sifuri kitu, usiku uleule tuliokuwa tumelala chini.

Mara ya kwanza tulipoiendesha ilitoa majedwali 212. Mengi yako chini ya asilimia moja. Moja liko asilimia 61, la vipindi vya watu kuingia na kutoka, na ukifungua msimbo wake unakuta ON CONFLICT DO NOTHING, na ukiuliza historia nani aliiandika linatoka jina langu.

Zile rekodi za hasi bado zipo, milioni tatu na ushee, hatukuzigusa. Mfanyakazi mpya wiki iliyopita kaniuliza kwenye chati, "Bosi, samahani, kuna matukio yana ID za hasi, nizifute?" Nikamjibu haraka kuliko nilivyowahi kumjibu mtu yeyote.